Nilivyoombea Nomino za Waslavi wa Kale

Shangazi yangu alinipa chumba, chakula na jaketi la baridi, akadhani amenipa na kazi ya kufanya maishani. Nilipoacha masomo ya uuguzi nikahamia isimu, alininunia siku kadhaa, kisha akatoa amri: nirudi kwenye uuguzi au nihame kwake, pale mjini Burnsville, ughaibuni.

Somo lenyewe sikulionea haya, na silionei hadi leo. Kuna lugha waliyoongea mababu wa Warusi, Wapolandi na Waserbia, na hakuna aliyeiandika. Unachukua gorod ya Kirusi, grad ya Kiserbia na gród ya Kipolandi, maneno ya mji na ngome, unarudi nyuma nayo mpaka unamfikia mzazi wao: *gordъ. Hiyo nyota mbele ni kukiri kwamba hakuna aliyeliona neno hilo limeandikwa. Kisha unaanza kuligeuza mwisho wake: mwisho wa mtenda, wa mwenye mali, wa kumwita mtu, hata wa vitu viwili tu, kabla ya wingi. Wenzangu darasani walilalamika sana. Mimi niliyelelewa na ngeli sikuelewa wanalia nini.

Jumamosi moja Wakenya wa ushirika wetu wa maombi walikutana sebuleni kwa shangazi. Desturi ilikuwa kila mtu ataje hitaji lake na kumchagua atakayemwombea. Shangazi akatangulia.

"Tuombee huyu msichana. Ameacha nursing, anasoma lugha ya watu walikufa kitambo. Sasa nani atamu-hire?"

Vichwa vikatikiswa kwa huruma. Nilikasirika mpaka masikio yakaniwaka. Zamu yangu ilipofika nikasema nina mtihani wa nomino za Kislavi cha kale, na namchagua shangazi aniombee nipite.

"Hiyo siwezi," akasema.

"Basi nitajiombea, Auntie."

Nikafumba macho, nikapaza sauti.

"Mungu, hao watu wewe uliwasikia wakiongea. Hakuna mwingine aliyebaki. Sisi tunakisia tu, lakini tunakisia kwa bidii. Nikikosea, nisahihishe wewe mwenyewe. Na kama ni lazima nihame, nitafutie chumba mji mwingine, hata Fridley, kwa sababu kwa uuguzi sirudi. Kwa jina la Yesu."

Sebule nzima ikaitika amina. Shangazi naye aliitika, kwa mazoea, kabla hajakumbuka kwamba anapinga.