Mkia wa Wimbo wa Jembe

Watu wa Lukozi wakiniona napita na jembe begani wananipigia mbinja, na wewe mgeni ukiwauliza mzee wa watu amekosa nini utapewa hadithi iliyotiwa chumvi mpaka hailiki, kwa hiyo afadhali uisikie kwangu mimi mwenyewe niliyeaibika, mbele ya uwanja mzima pale Lushoto, kipaza sauti mkononi, nimevaa koti nililoshonewa kwa harusi ya mwanangu.

Lilikuwa tamasha la ngoma za asili, na vikundi viwili vikajiandikisha na wimbo mmoja. Sisi wa Lukozi tunasema wetu, wenzetu wa Gare wanasema wao, imefika mahali akina mama wa huku na wa kule wanapishana sokoni kama hawajuani. Afisa utamaduni, kijana mpole mwenye heshima zake, akaamua kwamba kikundi kitakachokuja na maneno yote ya wimbo, na kueleza sauti yake ilizaliwa wapi, ndicho kitauimba siku ya kilele, na kingine kitafute wimbo mwingine. Mimi si mwimbaji (kwaya ya kanisani waliniomba zamani sauti yangu niitumie kwa kusali tu), lakini mdomo ninao, na kwenye kikao nikasimama bila kuitwa nikasema, "Huo wimbo niachieni mimi. Nikishindwa, msinipe tena nafasi ya kusema kwenye kikao chochote mpaka mnizike." Wakapiga makofi. Ujue mtu kama mimi, niliyeacha darasa la nne katikati nikachunge mbuzi, sina cheo, sina gari, kabichi zangu zenyewe nusu zinaliwa na wadudu, kitu pekee nilicho nacho watu wanakitamani ni kusimama na kusema. Ndicho nilichokiweka rehani.

Nikaenda Gare kwa shangazi Eliza, dada wa marehemu baba, aliyezaliwa kwetu Lukozi akaolewa kule angali msichana mdogo. Nilikwishapiga hesabu kichwani: kama wimbo uko Lukozi na uko Gare, basi kuna bibi harusi aliyeuhamisha pamoja na vyungu vyake. Nikamkuta shambani, kwenye mteremko ambao hata mbuzi angeomba fimbo, yeye na wakwe zake wanalima wapande maharage.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umepotea. Nani amekufa?"

Nikamweleza. Akacheka, akaegemea jembe lake akaanza kuimba, na wale wakwe wakapokea huku wanalima, na hapo ndipo nilipouona ule wimbo kwa macho (ndiyo, kwa macho), maana sauti inapanda jembe likipanda, jembe likigonga udongo wote wananyamaza kidogo, halafu wanapokea. Miaka yote nilidhani pale katikati watu wanavuta pumzi tu, kumbe ndiyo nafasi ya jembe. Ni wimbo wa ngemo, siku majirani wote wanapokwenda kulima shamba la mmoja wao na mwenye shamba anawapikia. Ubeti wa kwanza unauambia ukungu uondoke watu waone wanapolima. Wa pili unamsifu mama mwenye shamba kwamba moshi wa jiko lake umeshaonekana. Shangazi akaniambia aliuimba kwao tangu hajaota meno ya pili, na kwamba Gare aliufikisha yeye. Moyo wangu ukajaa. Nikageuka niondoke.

"Unakwenda wapi? Una mkia," akasema. "Mkia unaimbwa mkifika juu, mwisho wa shamba, na haimbiwi mtu aliyetia mikono mfukoni. Chukua jembe."

"Shangazi, nimevaa viatu vya kanisani."

"Vivue."

"Na goti hili..."

"Goti limekuleta kutoka barabarani mpaka hapa, halijalia. Chukua jembe!"

Wakwe wakaanza kunicheka. Sasa hapo, ndugu zangu, hapo hasa ndipo ningelima tu, kipande kilichobaki hakikuwa kirefu, lakini bodaboda alikuwa ananisubiri kule chini, mawingu yameshaanza kuteremka, na moyoni nikasema mkia ni mkia, ng'ombe ni yule yule. Nikaaga. Shangazi akanisindikiza kwa sauti, "Haya nenda! Ng'ombe asiye na mkia nzi wanamjua!"

Siku ya tamasha nikapewa kipaza sauti. Nilisema, wallahi nilisema vizuri (mke wangu hapendi Mkristo aape hivyo, lakini hili ni kweli), nikawaonyesha kwa mkono jembe linavyopanda na sauti inavyopanda nalo, watu wakaitikia, hata wa Gare wakatikisa vichwa. Afisa akaniuliza, "Mzee, maneno ndiyo hayo yote?"

"Yote," nikajibu. "Kama kuna neno limebaki, nimezeni mimi."

Kutoka upande wa Gare kikongwe akanyanyuka polepole, amejifunga khanga ya kikundi chao. Shangazi. "Mwanangu," akasema, "wewe hujafika juu." Akaimba, na wanawake wote wa Gare wakapokea:

*Mahonge kafika, chungu kimefunuliwa!*
*Jembe lake limelala, vidole viko macho!*

Uwanja ulilipuka. Mimi ndiye Mahonge. Jina nimelirithi kwa babu, na siku ile waandaaji walikuwa wamelibandika kifuani pangu kwa herufi kubwa. Kumbe mkia ule ni wa kumwimba mtu anayefika kwenye ngemo wakati wa kula, na aliyeimbwa akaingia kwenye wimbo moja kwa moja ni babu yangu, niliyekua nikiambiwa alikuwa mkulima hodari.

Mama Roza, kiongozi wa Gare, akaona mlango. "Afisa, akina Mahonge kwetu Gare wapo tele!" akapaza sauti. "Tena wavivu! Huyo wa wimbo ni wetu!"

Afisa akanigeukia. "Mzee, huyu Mahonge unamfahamu?"

Nikimkana, aibu inahamia Gare na wimbo unakwenda nayo. Nyuma yangu nawasikia binamu zangu, "Kana! Mghosi, kana!" (mghosi kwa lugha yetu ni mwanamume). Jasho linanitoka na baridi ile ya Lushoto. Halafu nikamtazama Mama Roza alivyokuwa anatabasamu, na hasira ikanipanda mpaka kooni, kwamba mtu anataka kunyang'anya hata mvivu wetu!

"Hapana mama!" nikasema, na spika zikapiga kelele. "Tafuteni mvivu wenu! Huyu ni babu yangu mzaa baba! Amezaliwa Lukozi, amezikwa Lukozi, na uvivu wake wote aliufanyia Lukozi!"

Shangazi akaongeza, "Kweli, ndiye baba yangu. Nilimwimba akiwa hai anacheka na mkono uko chunguni, nitamwogopa leo?"

Afisa akasema maneno yametimia, na alipozaliwa mvivu ndipo wimbo ulipozaliwa, tukapewa sisi. Siku ya kilele wakanisimamisha mbele na jembe, na mkia ulipofika wote wakaninyooshea vidole, na mpaka leo watoto wakitoka shule wananiimbia njiani. Binamu zangu wengine hawanisalimii, wanasema nimeudhalilisha ukoo. Kwenye vikao bado nasimama na bado nasema, ila nimeapa kwamba sitatia tena mguu kwa mtu kutafuta wimbo bila kulima naye mpaka juu, viatu vya kanisani au si vya kanisani.

Kuona haya lakini, hapana. Anayenicheka namuuliza jambo moja tu: babu yako wewe alilima mpaka mgongo ukapinda, haya niambie, nani anamwimba?