Fundi rangi anayetoa choo ili dada arudi cherehani

Jua halijakolea, na fundi rangi huyu anakata mitaa mbiombio, mfuko wa baridi kwapani, ovaroli yake imejaa madoa ya rangi za nyumba za watu. Kwenye dirisha la maabara ya hospitali anakabidhi kopo la bluu na kufuta jasho.

“Mzigo huo, wa leo leo,” anamwambia mtaalamu wa maabara, ambaye anacheka huku akivaa glavu.

Mzigo wenyewe ni choo. Ndiyo, choo kikubwa. Wenzake kazini wamembatiza Mfadhili, na jina limemganda.

Anayefadhiliwa ni dada yake, fundi cherehani, ambaye miaka mitatu iliyopita utumbo wake mpana ulianza kuvimba na kutoa damu.

“Nashona mshono mmoja, nakimbia chooni. Nikirudi, mteja kashaondoka,” anasimulia dada. Mwishowe aliacha kazi, na hilo lilimuuma kuliko tumbo.

Daktari wake anasema chanzo cha ugonjwa huu hakijajulikana kikamilifu, ila bakteria wa utumbo wana mkono wao.

“Wale wanaoutuliza utumbo wanapungua, kinga ya mwili inapandwa na hasira, inaushambulia utumbo wenyewe,” anaeleza.

Katika utafiti anaousimamia, choo cha mtu mwenye afya hupimwa, huchujwa, kisha huingizwa kwenye utumbo wa mgonjwa, naye anaendelea na dawa zake. Wapo wanaopata nafuu, wapo wasiopata. “Na mtu asijaribu nyumbani,” anaonya.

Ndugu wote walipimwa, akafaa Mfadhili peke yake. Hajaacha kuringa.

Lakini naye alishaharibu. Makopo ya maabara yalimvutia kwa mifuniko yake inayobana, akaomba jipya moja la kubebea chakula cha mchana. Asubuhi moja maabara walifungua kopo wakakuta viazi na mayai ya kuchemsha. Kule kazini, mwenzake mwenye njaa alikuwa akifungua lile jingine.

“Alitimua mbio mpaka nje ya geti! Hadi leo hagusi chakula changu,” anasema Mfadhili.

Siku ile hakucheka. Dozi ya dada iliahirishwa, akaenda kumwomba radhi machozi yakimlengalenga.

“Nilicheka nikashika mbavu,” anasema dada. “Nikamwambia, mdogo wangu, miaka yote hii najishika kwa maumivu, leo umenishikisha kwa kicheko.”

Sasa ni mwezi wa nne bila damu. Daktari anasema bado mapema kushangilia, lakini dada ameshaitoa cherehani uvunguni na kuipaka mafuta.

Mfadhili amemtafutia chumba cha biashara sokoni, mlango kwa mlango na choo, akidhani amemfaa. Dada amekikataa. Amechagua cha mbele kabisa, kinachotazama barabara, na Jumamosi kaka mtu anakwenda kukipaka rangi.

“Choo kiko mbali, najua,” anasema dada. “Siku hizi naenda kwa kutembea.”