Kamba za Ndoo na Kompaila Mpya

Iko siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka akilini tangu uliponiambia kwamba umekabidhiwa maktaba za mfumo wenu huria wa kompyuta, na kwamba utazihamishia zote kwenye kompaila mpya kwa mkupuo mmoja. Nimefurahi, wallahi. Lakini kaa kidogo nikusimulie.

Nilikuwa kijana. Vita vilitutoa kisiwani kwetu Koyama, pwani ya Somalia, tukapita Ras Kamboni na Kiunga, na Mwenyezi Mungu akatufikisha Mombasa tukiwa hai, alhamdulillahi. Nyuma ya madrasa palikuwa na chumba cha kompyuta kuukuu za kupewa. Maalim Athumani, aliyenisomesha Kurani kisiwani kisha akanisomesha kompyuta ugenini, alikuwa ameziwekea mfumo huria, ule usiouzwa, ambao kila mtu ana ruhusa ya kuufungua na kuutengeneza. Watu wetu waliotawanyika walikuja pale kutafutana.

Mmoja wao alikuwa Bi Mwanaesha wa Kisimayu. Mwanawe Omari alikuwa Ulaya, na mama hakuwa ameisikia sauti yake tangu walipopotezana katika kukimbia vita. Omari akaandika barua pepe: kuna programu mpya ya kuzungumza kwa sauti, iwekeni, Ijumaa nitakuwapo. Akaongeza kwamba wakimbizi wa pale wanahamishwa, na hajui atapelekwa wapi.

Programu ile ilidai kompaila mpya, na maktaba ya pamoja iliyojengwa kwayo. Wewe unajua, ila wadogo zako watakaosoma huenda hawajui: kompaila ndiyo inayogeuza maandishi ya mtunzi wa programu yawe kitu ambacho kompyuta inaweza kukitenda. Na maktaba ya pamoja ni kazi zilizokwisha tengenezwa, zikawekwa mahali pamoja ili programu nyingi zichote humo, badala ya kila moja kujichimbia yake.

Alhamisi asubuhi nikamwambia Maalim, "Naijenga upya maktaba kwa kompaila mpya, ya zamani naifuta. Kabla ya adhuhuri nimemaliza."

"Umewaambia nani?"

"Nani wa kuambiwa, Maalim? Hizi ni kompyuta."

Akanitazama, akacheka. "Wewe ni wa Koyama kweli, au ulizaliwa kwenye bomba la maji?"

Akanielekeza kwenye kompyuta ya pembeni isiyotumiwa na mtu. "Fanyia hapa kwanza." Nikafanya, na maktaba ikajengeka bila kosa. Kisha nikaifungua programu ya barua pepe. Haikufunguka. Ilikuwa imejengwa kwa kompaila ya zamani. Ilikwenda kuchota mahali ilipozoea, isikute kitu, kwa kuwa kompaila mpya ilipanga vitu kwa namna yake.

"Kisima kikizidishwa kina," Maalim akaniuliza, "hutokea nini?"

"Kamba hazifiki."

Wewe hukuzaliwa kisiwani, mwanangu, basi sikiliza. Kwetu maji matamu yalikuwa machache, na kisima kilikuwa cha mji mzima. Ikilazimu kuchimba kingine chenye kina zaidi, ilitangazwa msikitini baada ya swala, ili kila nyumba isokote kamba ndefu zaidi. Ya mjane ilisokotwa kwanza, kwani hana wa kumsokotea. Na cha zamani hakikufukiwa mpaka ndoo ya mwisho ipate kamba. Wazee walisema: mchama ago hanyeli, huenda akauya papo. Anayehama kambi haiharibu, huenda akarudi.

"Basi weka mpya kando ya ya zamani," Maalim akasema, "uzijenge programu moja moja, na kila moja uijaribu."

Kompyuta zetu zilikuwa nzito, na nafasi finyu. Kazi hiyo isingemalizika kufikia Ijumaa.

"Na Bi Mwanaesha je?"

"Kamwambie mwenyewe."

Nilimkuta akichambua mchele. Nilimweleza yote, naye akaendelea kuokota mawe katika ungo. Kisha akasema, kwa lahaja ya kwetu ambamo mtu ni mchu, "Wenzangu nao wana wana wao. Nisikie sauti ya wangu, wao wakose khabari za wao? Mi mchu wa kungoja, mwanangu. Nimengoja tangu Kisimayu." Akaupepeta mchele wake. "Lakini wewe usilale!"

Sikulala sana. Tulimwandikia Omari kwamba hatutawahi, jibu lisije. Ijumaa ikapita, na nilimwona Bi Mwanaesha amekaa mbele ya kompyuta iliyo kimya, tasbihi mkononi. Sikuweza kumtazama usoni.

Siku chache baadaye, katika programu ileile ya barua pepe niliyotaka kuivunja, Omari akaandika. Walihamishwa kabla ya Ijumaa. Siku ile hakuwapo kabisa. Sasa yuko mji mwingine, na anwani yake ya kupigiwa ni hii.

Fikiri, mwanangu. Ningeharakisha, Bi Mwanaesha angeita pasipo mtu, na khabari hii ingekuja ikakuta mlango umefungwa.

Ijumaa iliyofuata programu zote zilikuwa zimekwisha kupata kamba zao. Tukapiga. Ikakwaruza, kisha sauti ya kiume ikasema, "Mama?" Bi Mwanaesha, aliyengoja miaka, aliuliza jambo moja tu: "Omari, umekula?"

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Kompaila mpya ni kheri, ihamie. Maji yenye kina ni mengi. Lakini maktaba ya pamoja si yako peke yako. Watangazie wanaochota kabla hujashika jembe, jaribu pembeni pasipo na mtu, na mpya ikae kando ya ya zamani. Anza na ile programu ambayo mtunzi wake ameshachoka kuitunza au ameondoka, kwani huyo ndiye mjane wako. Kufuta kuje mwisho. Huwajui wote wanaochota humo, na mmoja wao huenda ni mama anayemngoja mwanawe.

Mola aipe kazi ya mikono yako utulivu, akujaalie uwe kisima kisichokauka, na kila ndoo itakayoshushwa kwako ipande imejaa. Amin.