Toronto nilikwenda na diploma ya ujenzi, nikarudi fundi wa taa za Kijapani

Wakuu, salamu kwenu nyote. Haya yamenitokea mwenyewe, na anayebisha aje Morogoro nimwonyeshe karakana.

Mwaka 2009 nilikuwa Toronto, naishi Thorncliffe Park na jamaa wa Tanga, Salimu. Kazi yangu kupakia maboksi. Mimi, mwenye diploma!

Siku moja nikaona tangazo. Mama wa Kijapani, Bi Sumiko, anafundisha kutengeneza taa za mianzi na karatasi. Mwisho wa kozi angeajiri mwanafunzi mmoja tu awe msaidizi wake.

Nikasema maboksi basi. Nafasi hii ni yangu.

Kazi iko hivi: una kalibu ya mbao yenye umbo la boga. Unaizungushia chane za mianzi, juu unabandika karatasi. Ikikauka, unafungua kalibu na kuitoa vipande vipande kupitia mdomo wa taa.

Kuchana mianzi niliwazidi wote. Sijisifu. (Haya, najisifu.)

Kasheshe ikawa gundi. Akili ya ujenzi inasema ukitaka kitu kishike, jaza. Nikajaza. Gundi ikapenya mpaka kwenye kalibu. Kuvuta tu, chraaa! Taa yote ikachanika.

Bi Sumiko akachungulia. "Too much glue, Mr. Diploma. Next Saturday, last chance."

Nikarudi na mabaki yangu. Salimu alicheka mpaka akakaa chini.

"Yaani kaka, umepanda ndege kuja kushindwa kutengeneza tiara?"

Tiara! Utotoni nilikuwa bingwa wa mtaa mzima. Na kila mtoto anajua, ukibandika karatasi kwa uji wa ngano mzito tiara hairuki. Unapaka mwepesi, kwa ncha ya kidole.

Jumamosi nikaongeza maji kwenye gundi, nikapaka juu ya mianzi tu. Ikakauka. Nikafungua kalibu.

Kipande cha kwanza kikatoka. Cha pili. Cha mwisho... karatasi nzima!

Nikaibonyeza taa ikalala bapa kama chapati. Nikaiachia, ikasimama.

Bi Sumiko alivua aproni yake akanivalisha.

Nilifanya naye kazi miaka sita. Leo natumia mianzi ya hapa hapa, na maharusi wananipigia simu wenyewe.

Funzo: usidharau ulichokijua kabla ya shule. Diploma nimeitundika karakanani, na chini yake ile taa iliyochanika.

Wewe mchezo gani wa utotoni umekufaa ukubwani? Shusheni hapa. Na Salimu, najua umo humu, njoo ubishe.