Ganesha Aliyekataa Kuyeyuka

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Niliishia darasa la nane, na herufi zangu hulala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Makosa ya tahajia mtayaona pia. Ninaandika polepole, lakini kusema haya mbele ya watu siwezi kabisa.

Mama yangu ni mfinyanzi. Tunakaa Kibomet, ila udongo wake hutoka kwao, upande wa Bungoma, na huko ndiko huchomea vyungu. Mjini Kitale aliviuza kwenye baraza ya duka la vitambaa la Wahindi wawili, mume na mke. Mke tulimwita Mama Duka. Mwaka mmoja mumewe alianguka katikati ya majora, akapooza upande mmoja na kupoteza maneno. Alikaa kwenye kiti nyuma ya kaunta, akitutazama tu.

Sikukuu ya Ganesha, mungu wao mmoja, ilipokaribia, jamaa aliyekuwa akiwaletea sanamu yake kutoka Kisumu hakutokea. Mama Duka akatoka barazani na picha ya kalenda.

"Mama, wewe tengeneza hii kwangu. Udongo tu. Kichwa ya tembo, tumbo kubwa, pembe moja vunjika."

"Nani alimvunja?"

"Yeye mwenyewe. Alikuwa andikia mzee moja hadithi refu sana. Kalamu ikakatika. Akavunja pembe, akaendelea andika."

Mimi nilimpenda hapo hapo.

Mama Duka akasimulia na mengine. Mtoto huyo alifinyangwa na mama yake kwa manjano aliyojisugua mwilini, akawekwa mlangoni alinde mama akioga. Baba akarudi safarini, mtoto akamzuia. Baba hakumjua, akamkata kichwa. Mama akalia mpaka baba akamtafutia kichwa kingine, na kilichopatikana kilikuwa cha tembo.

"Na huyo baba hata hakuuliza, 'Wewe ni mtoto wa nani?'" mama yangu akasema.

"Wanaume, mama."

Walicheka wote wawili. Nadhani hata mzee kwenye kiti alicheka, kwa ule upande wa mdomo uliobaki.

Mama ni mtu wa kanisa, lakini kazi ile aliifanya kama ya mtoto wake. Akamfinyanga huko kwao, akamkausha kivulini, kisha akamchoma pamoja na vyungu. Alitoka mwekundu, hana ufa, mkia wa panya aliye miguuni pake, kama kwenye picha, ukiwa mzima.

"Ati tembo amekaa kama chifu!" nyanya alisema. Mama alijawa na furaha.

Dukani walimpamba kwa maua na kumwekea vitamutamu vya mviringo. Mama Duka alituambia kwamba huyu huombwa kabla ya wengine wote, kwa kuwa ndiye hufungua njia palipozibwa. Kila asubuhi alimwomba maneno ya mumewe. Mwisho wa sikukuu angesindikizwa mtoni, arudi kwao na shida zote za nyumba. Akaamua tumpeleke kwenye mto wa kwao mama, ambako udongo ulitoka.

Tulienda kwa pikapu yao, mzee ameketi mbele. Mama Duka akaingia majini hadi magotini, akaimba, akamshusha Ganesha kati ya mawe. Tukangoja. Maji yalipita juu ya kichwa chake, naye akakaa vile vile, akitutazama.

"Bado hajayeyuka," Mama Duka akasema. "Lazima yeyuka ndio rudi kwao na shida. Udongo gani hii?"

Mama akashika mdomo. "Ayeyuke? Mama, mimi nilimchoma."

"Umempika?"

"Sisi hatumpi mtu kitu kibichi."

Hakuna aliyekasirika. Afadhali wangegombana. Mama akaingia na nguo zake, akamsugua tumbo kwa viganja, kama anayeogesha mtoto. Hakuna kilichotoka. Akasema atafinyanga mwingine, mbichi. Mama Duka akatikisa kichwa: sikukuu ilikuwa imekwisha. Ndani ya gari mzee alifungua mdomo, akaufunga.

Alikufa wakati wa kupanda mahindi, bila kusema neno. Mama Duka alifunga duka akaenda kwa ndugu zake, sijui wapi.

Maji yakipungua, Ganesha huonekana hadi kifuani. Watoto humrushia mawe. "Mzee wa masikio, toka uoge!" Mama hapiti tena njia ile. Nikitoka kwa nyanya huniuliza swali moja tu:

"Bado yuko?"

"Yuko."

Basi hurudi kwenye udongo wake, lakini mikono haifanyi kitu. Anaamini alimzuilia yule mzee njia, ndiyo maana ninaandika.

Kama wewe unayesoma ni wa dini hiyo, au unamjua aliye wa dini hiyo, tafadhali niandikie. Ganesha aliyechomwa anaruhusiwaje kwenda kwao? Hata jibu likiwa baya, liandike. Nitamsomea mama polepole.