Unga Mweupe wa Shemeji Kombo

Nakiri kwenu, wenzangu: wivu uliniumbua katika arubaini ya marehemu mke wangu.

Tangu azikwe, nilifarijika kwa sauti za wanawake waliokuja kuteka maji kwa bomba la mkono uani kwangu. Kisha jirani yangu Kombo, kaka wa marehemu, akang'oa bomba lake lililooza kwa kutu, akagongelea mchangani jipya la Kidachi, la kutoka Ulaya. Wote wakahamia kwake. Nami nilimwona akimimina unga mweupe wa kopo ndani ya bomba hilo. Nikajisemea, kumbe uganga wa kuvuta watu! Alipokwenda kuswali, nikaliiba kopo lake na unga wote nikautia ndani ya bomba langu.

Kesho yake ilikuwa khitma ya arubaini. Nikapika kahawa kwa maji yangu. Wageni wakaonja, wakakunja nyuso. Kombo akatema.

"Shemeji, hii ni dawa ya kusafishia kisima cha bomba jipya! Ukishaitia, uvute maji uyamwage mpaka harufu iishe, ndipo unywe. Umeipata wapi? Maana yangu imeibwa jana."

 Nilikuwa mbele yake, nikimkaribisha tende ndani ya kopo lake lile lile.