Watu Wanne Nyuma ya Chacha

Jambo hili limenigharimu kompyuta moja, programu tatu na pazia jeusi la mita nne. Nimehesabu mara mbili. Usiposadiki, shauri yako. Mimi nilikuwepo, tena mchana kweupe.

Nina studio ya picha karibu na machimbo ya dhahabu, Tarime. Siku hiyo nilikuwa nachagua programu ya kusafishia picha, basi nikaiweka kamera ihifadhi faili ghafi tu. Faili ghafi ni picha ambayo kamera haijairemba: hata kilichojificha gizani kimo. Kosa langu lilianzia hapo. Sikubakiza nakala ya kawaida.

Saa saba akaingia Chacha, mchimbaji wa Itiryo, vumbi mpaka kwenye kope.

"Nipige moja nimpelekee mama. Hana picha yangu hata moja."

"Elfu kumi."

"Kumi? Mura, napigwa picha au nanunua kamera?"

Tukaafikiana saba. Akakaa mbele ya pazia, macho wazi. Wazi kabisa, niamini.

"Unitoe vumbi," akasema akitoka.

Nikaanza na programu ya bure: macho yamefumba. Ya pili ni ya kulipia kila mwezi, nilikuwa kwenye siku saba za majaribio. Nikafuta vumbi usoni, likarudi mdomoni. Ya tatu niliuziwa Sirari kwenye flashi, mwuzaji akiapa haina kirusi. Hiyo ina kitufe cha kuburuta, kinang'arisha sehemu za giza. Nikakiburuta. Nyuma ya Chacha, palipokuwa na pazia tupu, wakatokea watu wamebanana, udongo hadi kifuani. Wanne. Nikahesabu tena. Wanne.

Asubuhi akaja kaka yake, anatafuta picha ya kutangulia jeneza.

"Duara lao, shimo la kuchimbia, liliporomoka juzi," akasema. "Leo tumewatoa wote watano."

"Juzi? Mbona Chacha nimempiga picha jana?"

Akanisogelea kama anayenusa gongo. Nikamfungulia kompyuta. Hakubisha. Aliwataja wale wanne kwa majina, mmoja mmoja, akatoka bila kuaga.

Jioni hiyo kompyuta ilizima, haijawaka tena. Pazia nimelichoma, wateja nawakalisha kwenye ukuta mweupe. Nawe ukipiga picha machimboni, giza liache lilivyo.

Ila faili bado limo kwenye kadi, na mama yake kila Jumapili hutuma mtu kuuliza. Nyinyi mnaojua mambo haya, nishaurini: ipo programu inayoweza kumfumbua macho Chacha peke yake, bila kuwaamsha wenzake?